Tiba ya Mwanga Mwekundu: Yapi ya Kuuliza Kabla ya Kulipia Vikao Kumi Jijini

Swali ambalo wahudumu wa afya ngazi ya jamii wametuletea mara kwa mara siku hizi linahusu kliniki za "mwanga mwekundu" zinazotangazwa jijini Dar es Salaam. Wananchi wanataka kujua iwapo mwanga huo hutibu kweli maumivu ya magoti, makovu, upara, ganzi ya miguu na mengineyo yanayotajwa katika matangazo. Wapo wanaouliza kabla ya kupanda basi, na wapo wanaouliza wakiwa tayari na risiti mkononi. Hapa wilayani hatuna kituo cha huduma hiyo, na anayeitaka hana budi kutumia nauli na siku nzima ya kazi. Kwa sababu hiyo tumeona vyema kulieleza jambo hili kwa kina.

Tuanze na mwanga wenyewe. Unaotumika ni ule mwekundu unaoonekana kwa macho, wenye urefu wa mawimbi wa takribani nanomita 630 hadi 660, pamoja na ule wa infraredi ya karibu, nanomita 810 hadi 850, ambao jicho halioni au huona wekundu hafifu tu. Hutolewa na taa ndogo za LED au na leza, na haukusudiwi kuunguza. Wanasayansi wengi hueleza kwamba mwanga huo hufyonzwa na kimeng'enya kilicho ndani ya mitokondria, yaani sehemu ya seli inayozalisha nguvu, na kwamba hivyo huisaidia seli kujirekebisha. Maelezo hayo bado yanajadiliwa.

Tiba hii haikuzaliwa mitandaoni. Mwaka 1903 daktari Niels Ryberg Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga, ijapokuwa mwanga wake ulikuwa wa aina nyingine. Katika miaka ya 1960 daktari Endre Mester wa Budapest, Hungaria, alikuwa akichunguza iwapo leza huleta saratani. Aliwanyoa panya, akawamulika kwa leza nyekundu hafifu, na badala ya saratani akaona manyoya yao yakiota upesi kuliko ya panya wasiomulikwa. Kutokana na jambo hilo dogo tafiti nyingi zilifuata.

Ushahidi ulio imara zaidi leo unahusu jambo ambalo matangazo hayalitaji kabisa, nalo ni vidonda vya mdomoni vinavyowapata wagonjwa wa saratani wanaopewa mionzi au dawa kali. Miongozo ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2020 inapendekeza tiba hii kwa baadhi ya wagonjwa hao, ili kuzuia vidonda visitokee. Kwa upara wa kurithi, kifaa cha leza cha kuchochea nywele kiliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 2007. Kwa maumivu ya magoti na shingo matokeo ya tafiti yanatofautiana, na nafuu inapoonekana hutegemea sana kipimo kilichotumika. Hakuna ushahidi wowote wa kumfanya mtu aache dawa zake za kisukari au za shinikizo la damu kwa sababu anamulikwa.

Ni vyema pia kutofautisha taa na taa. Mwanga wa buluu unaotumika hospitalini kwa watoto wachanga wenye manjano ni tiba nyingine kabisa. Vivyo hivyo ile taa kubwa nyekundu ya joto iliyopo katika vyumba vingi vya fiziotherapia: hiyo hupasha misuli joto, na huweza kumuunguza mtu asiye na hisia miguuni bila yeye kujua. Mwananchi akisikia "taa nyekundu", aulize ni ipi kati ya hizo.

Sasa tufike kwenye kipimo, ambacho ndicho kinachomtenganisha mtaalamu na mwenye taa. Kipimo cha mwanga huhesabiwa kwa jouli kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi, nayo hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya mwanga unaofika kwenye ngozi kwa muda wa kumulika. Mwanga wenye nguvu ya miliwati 50 kwa sentimita ya mraba, ukimulika kwa dakika 2, yaani sekunde 120, hutoa jouli 6. Mwanga huohuo ukisogezwa mbali hadi zikafika miliwati 10 tu, jouli zile 6 zitahitaji dakika 10. Wingi wa dakika hauleti moja kwa moja wingi wa nafuu, kwani tafiti zimeonyesha kuwa kipimo kikizidi, faida hupungua au hutoweka. Kwa hiyo muulize mhudumu: "Nitapata jouli ngapi, na taa itakaa umbali gani kutoka kwenye ngozi yangu?" Anayejua kazi yake hatakasirika. Atakayejibu kwamba "mashine inajipima yenyewe" amekwisha kukujibu.

Swali hilo linatuhusu sisi zaidi ya wengine. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ngozi nyeusi hufikia kikomo chake cha kuvumilia mwanga mwekundu kwa kipimo kidogo kuliko ngozi nyeupe. Mashine iliyopangwa kwa ngozi za Ulaya isiwashwe tu kwa nguvu ya kiwandani. Mwenye madoa meusi usoni, mwenye ugonjwa wa lupasi, mjamzito, aliyewahi kuwa na saratani, au anayetumia dawa zinazoifanya ngozi iathirike na mwanga, kama vile doksisaiklini, amwone daktari kwanza. Macho yakingwe kwa miwani maalumu, hasa panapotumika leza. Chumba cha leza kisicho na miwani ni cha kutoka bila kuaga.

Hapa naomba niseme jambo linaloigusa ofisi yetu wenyewe. Mwananchi anapoingia katika kliniki na kuona cheti chenye nembo ya halmashauri kimetundikwa ukutani, hupata imani. Mara nyingi cheti hicho ni leseni ya biashara. Leseni hiyo huthibitisha kwamba mfanyabiashara ametambuliwa na amelipa ada. Haithibitishi kwamba tiba inafanya kazi, wala kwamba anayeshika mashine amesomea. Sisi wenyewe hutoa leseni kama hizo kwa maduka na saluni, kwa hiyo nazungumza ninachokijua. Kituo kinachotoa tiba kinapaswa kuwa na usajili wa kituo binafsi cha afya kutoka Wizara ya Afya. Mtaalamu wake anapaswa kuwa amesajiliwa na baraza la taaluma yake. Kwa madaktari, baraza hilo ni Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa upande wa vifaa, mamlaka husika ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na mwananchi ana haki ya kuiuliza kuhusu kifaa chochote kinachotangazwa kuwa cha tiba. Andika jina la kifaa na namba ya toleo lake, kisha uliza.

Kuna kliniki nyingine hubandika maandishi yanayosema kifaa kimeidhinishwa na mamlaka ya Marekani ya FDA. Huenda ni kweli, lakini si kwa maana anayoipata msomaji. Vifaa vingi vya aina hii hupitishwa huko kwa msingi wa kufanana na kifaa kingine kilichokwisha kuwapo sokoni, na kwa matumizi yaliyotajwa tu. Kilichopitishwa kwa mikunjo ya uso hakikupitishwa kwa goti.

Mwaka uliopita nilimsindikiza shangazi yangu katika sehemu moja ya namna hiyo jijini. Alikuwa na ganzi katika nyayo kwa miezi kadhaa. Tulipokewa vizuri, tukapewa maji ya kunywa, na kijana mwenye koti jeupe akasema ni "mishipa imelala" na kwamba vikao kumi vingeiamsha. Alitaka malipo ya vikao vyote kwa mkupuo ili tupate punguzo. Hakumuuliza shangazi anatumia dawa gani, hakumvua soksi kuangalia nyayo, wala hakupima sukari. Nami, nikiwa mtumishi wa umma mwenye stashahada, sikuuliza kitu, nililipa. Baada ya kikao cha sita tuliona soksi ina damu. Katika hospitali ya wilaya muuguzi alimchoma kidole kabla hata hatujakaa, na sukari ilikuwa juu mno. Kidonda cha unyayoni kilichukua miezi minne kupona, na kidole kimoja hakikuokolewa. Taa haikumdhuru. Zile wiki tulizozipoteza kuifuata ndizo zilizomdhuru.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa Idara ya Afya ni kwamba uchunguzi utangulie mwanga. Ganzi ya miguu ipimwe sukari. Doa kwenye ngozi lililopoteza hisia lichunguzwe ukoma, ambao dawa zake hutolewa bure katika vituo vya umma. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa na uvimbe unaokua visipelekwe kwenye taa ya mtu yeyote kabla daktari hajaviona. Aliyekwisha kuchunguzwa, na ambaye daktari au mtaalamu wa fiziotherapia ameona kuwa mwanga unaweza kumsaidia, aombe barua ya rufaa inayotaja ugonjwa kwa jina. Kituo kizuri kitaisoma barua hiyo, kitafungua faili, kitaandika kipimo cha kila kikao na kitakubali malipo ya kikao kimoja kimoja. Aidha, kitataja mapema ni baada ya vikao vingapi kitasitisha tiba endapo nafuu haitaonekana. Muulizeni hilo la mwisho hata mkisahau mengine yote.

Mwananchi aliyetozwa fedha kwa huduma anayoitilia shaka afike katika ofisi ya Afisa Mtendaji wa Kata, siku za kazi, kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Aje na risiti, jina la kituo na mtaa kilipo, na picha ya tangazo ikiwa anayo. Taarifa hizo zitawasilishwa kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye atawasiliana na mwenzake wa jijini. Asiye na risiti naye afike, aandike tarehe alizohudhuria kadiri anavyozikumbuka.