Fukusi walivyonirudishia maharage kilo 20
Jamani wauzaji wenzangu, mteja alinirudishia maharage kilo 20. Yote matundu! Nikajifunza: fukusi anazaliana pale tu hali inapomruhusu. Wapo nyigu wadogo wanaokula funza wake, ila hawatoshi kuokoa gunia lako. Sisi tucheze na haya matatu:

1. Unyevu. Tia maharage na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, anika tena.

2. Joto. Kwenye joto letu, yai linakuwa mdudu kamili kwa mwezi mmoja hivi. Usirundike mzigo wa miezi mitatu.

3. Hewa. Jaza dumu mpaka juu, funga hewa isipite. Wadudu wanamaliza oksijeni wenyewe, wanakufa.

Kagua mzigo kwanza, ndipo upost picha. Wewe unahifadhije?