Kutoka Dunga, Kisumu, hadi Chumba cha Daktari: Vidokezo kwa Watu Wazima Transjenda

Kisumu hakuna kliniki ya serikali yenye bango la huduma za utambulisho wa jinsia. Kilichopo ni vipande: daktari huku, mshauri kule, maabara kwingine. Ukijua namna ya kuviunganisha, unaweza kutibiwa kwa heshima bila kuikimbia kaunti yako. Haya ni kwa aliyetimiza miaka 18.

1. Jisajili SHA kabla ya kuugua. Bonyeza *147# ukiwa na kitambulisho. Tangu Oktoba 2024 SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 hutoa huduma za msingi bila malipo kwa aliyesajiliwa. Kulazwa hospitali kubwa kunahitaji uwe umelipa mchango. Kwa mvuvi, mchuuzi wa samaki au mwendesha boda, mchango huo hulipwa kwa mwaka na haupungui shilingi 300 kwa mwezi. Pesa za homoni ziweke kando, kwa sababu huenda zikatoka mfukoni mwako.

2. Anzia karibu, kisha omba rufaa. Tabibu wa kituo cha afya anaweza kukupima presha, kukusikiliza na kukuandikia barua. Barua hiyo ndiyo itakayokupeleka hospitali ya rufaa ya kaunti pale mjini, au Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa Oktoba 1969. Ukifika, omba kumwona daktari wa magonjwa ya ndani au wa afya ya akili.

3. Ukielekezwa kwa daktari wa akili, nenda. Hajakuita mwendawazimu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, na hali ya kuwa transjenda ikatolewa kwenye sura ya matatizo ya akili ikawekwa kwenye afya ya kijinsia. Hata hivyo, madaktari wengi hutaka tathmini ya daktari wa akili kwanza ndipo waandike homoni. Eleza waziwazi: umejitambua hivi tangu lini, unaishi vipi, unataka nini, na unaogopa nini.

4. Achana na homoni za kubahatisha. Hapa ndipo ninapowaogopea watu wetu zaidi. Kuna wanaomeza vidonge vya kupanga uzazi kwa wingi wakitumaini kupata mwili wa kike. Estrojeni iliyo ndani yake huongeza hatari ya damu kuganda miguuni au mapafuni, na kwa mvutaji sigara hatari ni kubwa zaidi. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, nayo haina estrojeni kabisa. Ni kujiumiza bure. Spironolakitoni, dawa ya presha inayotumiwa pia kuzuia homoni za kiume, inaweza kupandisha potasiamu hadi moyo upige ovyo. Testosteroni huweza kuifanya damu kuwa nzito kupita kiasi, na haizuii mimba hata kama hedhi imekoma. Kwa hiyo kabla ya kuanza, na mara kwa mara baada ya hapo, omba upimwe damu: wingi wa chembe zake, ini, figo, potasiamu na kiwango cha homoni. Uliza pia kuhusu uwezo wa kuzaa, maana unaweza kupungua au kutoweka. Usichangie sindano na mtu yeyote. Na kama tayari unatumia dawa za dukani, mwambie daktari jina la dawa na kiasi, bila kuficha. Ukivimba mguu mmoja au ukakosa pumzi ghafla, hiyo ni dharura; Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura.

5. Jipange kuhusu jina. Kwetu Wajaluo jina lenyewe hutangaza jinsia: Atieno ni wa kike, Otieno ni wa kiume. Likiitwa kwa sauti kwenye foleni, benchi zima linageuka kukutazama. Nenda mapokezi mapema, ongea polepole, omba uitwe kwa namba ya faili. Faragha ni haki yako kwa Kifungu cha 31 cha Katiba, na Sheria ya Afya ya 2017 inalinda siri za mgonjwa. Kubadili jina kisheria kunawezekana kupitia wakili. Oktoba 2014 Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, alishinda kesi Mahakama Kuu, na baraza la mitihani likaamriwa kumpa cheti kipya chenye jina hilo na kisicho na alama ya jinsia.

6. Nenda na mtu. Dada, rafiki, hata jirani anayejua kunyamaza. Mashirika kama Jinsiangu na Transgender Education and Advocacy yanaweza kukuelekeza kwa daktari anayefahamu mambo haya. Piga simu kwanza: Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, vituo vingi rafiki nchini vilifungwa. Dawa za kujikinga na HIV, yaani PrEP, ulizia katika hospitali ya umma.

7. Ukidhalilishwa, andika. Tarehe, saa, idara, maneno yaliyosemwa. Peleka malalamiko kwa msimamizi wa hospitali, kisha kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, ambayo ina ofisi Kisumu. Usidhani hayafiki popote. Agosti 2025, katika Mahakama Kuu ya Eldoret, Jaji Reuben Nyakundi alimpa mwanamke transjenda fidia ya shilingi milioni 1 kwa kuvuliwa na kukaguliwa mwili kinyume cha haki zake, na akaitaka serikali itunge sheria ya kuwalinda watu transjenda.

8. Kwako wewe unayekaa mapokezi au kwenye dirisha la dawa. Mtu huyu amepanda boda, amepanda matatu, na pengine alikaa miaka kabla ya kuthubutu kuja. Mwite kwa namba. Muulize angependa kuitwa nani. Usimwite mwenzako aje kumtazama. Mpe tarehe ya kurudi, ili arudi.