Chini ya Jiwe la Mtoni: Wadudu Wanaoishi Kwenye Maji Yanayokimbia



Somo la leo linatupeleka mtoni, na siyo kwa samaki. Linatupeleka kwa wadudu wadogo wanaokaa kwenye mawe pale maji yanapokimbia na kupiga kelele. Nimeliandika kwa sababu ya swali ambalo vijana wa parokia huniuliza nikishawafundisha habari za uumbaji: sawa, kipepeo mzuri, nyuki mzuri, lakini usubi je? Yule anayeuma watu na kuwapofusha macho, naye tumshukuru Mungu kwa ajili yake? Swali zuri. Nitalifikia, ila kwanza tuingie kwenye maji.

Chukua mto Sigi, unaoshuka kutoka milima ya Usambara Mashariki, karibu na Amani, kwenda kuwapa maji watu wa jiji la Tanga. Simama kwenye maporomoko madogo, maji yakifika magotini tu. Unayumba, unatafuta kitu cha kushika. Sasa fikiria mwenye urefu wa punje ya mchele, anayekaa hapohapo usiku na mchana, wiki kwa wiki. Kwa nini asihamie kwenye dimbwi lililotulia? Kwa sababu maji yanayokimbia yana hewa nyingi ya oksijeni, na yanaleta chakula mpaka mlangoni. Shida yake na riziki yake vinakuja na mkondo mmoja.

Jiwe lenyewe linamsaidia. Maji yanayogusa jiwe husuguana nalo na kupungua mwendo, kwa hiyo juu kabisa ya uso wa jiwe kuna tabaka jembamba sana la maji yanayokwenda polepole, hata kama sentimita chache juu yake mkondo unakimbia. Kuna matunutu, yaani watoto wa wadudu wa kundi la Efemeroptera, walio bapa kama kipande cha karatasi. Kichwa kipana, macho yako juu, miguu imetandazwa pembeni, kucha zimekamata. Ukigeuza jiwe utamwona mmoja akiteleza upande kama kaa, anakimbilia upande wa chini. Vitabu vya zamani vilisema ubapa huo ni kwa ajili ya kukwepa mkondo tu. Waliochunguza zaidi wanasema tabaka lenyewe ni jembamba mno kumfunika mdudu mzima, na ubapa unamfaa vilevile kujipenyeza kwenye nyufa. Mimi naona hilo la pili lina uzito zaidi, maana ukimwangalia, muda mwingi wa mchana hayuko juu ya jiwe hata kidogo.

Wengine hujenga. Mabuu wa kundi la Trikoptera hutoa uzi wa hariri mdomoni, wakaunganisha chembe za mchanga au vipande vya majani mpaka ikawa nyumba, na wanatembea nayo wakiiburuta. Ndugu zao wengine hawana nyumba ya kubeba. Wao wanatega wavu kati ya mawe, wanakaa pembeni na kusubiri kinacholetwa na maji. Ni wavuvi kabisa. Na kule kwenye milima ya Rasi, Afrika Kusini, kuna buu mwenye vinyonyeo sita tumboni, amepangiwa kimoja nyuma ya kingine, ambaye anatembea kwenye mwamba ulio ndani ya maporomoko yenyewe.

Halafu kuna suala la maficho. Kati ya kokoto chini ya mto kuna nafasi ndogondogo, na hizo ndizo vyumba vya kulala, vya kukulia na vya kukimbilia mafuriko. Wengi hushinda humo mchana kwa kuogopa samaki wanaowinda kwa macho, kisha usiku wanatoka kutafuta chakula. Ndipo baadhi yao hung'oka, au hujiachia wenyewe, wakachukuliwa na maji kwenda chini. Watu wa sayansi waliojaribu kutega nyavu mitoni wameona kwamba wanaochukuliwa huwa wengi zaidi giza likishaingia. Utajiuliza, basi si mto ungekwisha wadudu kule juu? Baadhi hutambaa na kurudi. Na wengi, wakishaota mabawa na kuwa wakubwa, majike huruka kuelekea juu ya mto kutaga mayai.

Nafasi hizo ndizo tunazoziharibu bila kujua. Mtu akilima mpaka ukingoni mwa mto, mvua inashusha udongo, udongo unaziba kila tundu kati ya kokoto. Maji yanaweza kuonekana safi wiki mbili baadaye, lakini vyumba vimejaa tope. Ndiyo maana wataalamu hapa Tanzania wana utaratibu unaoitwa TARISS wa kupima afya ya mto kwa kuangalia ni wadudu gani wanaishi humo: ukikuta wale wanaohitaji maji safi yenye hewa nyingi, mto unapata alama za juu, ukikuta tu mabuu mekundu wa kwenye tope, kuna kasoro. Papa Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, kifungu cha 34, anawataja kuvu, mwani, minyoo na wadudu kuwa wanahitajika ili mazingira yaende sawasawa. Vikundi vya vijana vinavyokwenda "kusafisha mto" tafadhali waondoe plastiki na nguo zilizooza, lakini mawe na majani yaliyoangukia majini wayaache. Hayo siyo uchafu. Na ukigeuza jiwe kuangalia, lirudishe ulivyolikuta, upande uleule.

Sasa usubi.

Buu wa usubi ni fundi kuliko wote niliowataja. Anatema mate ya hariri juu ya jiwe, yanakuwa kama kitambara kidogo, kisha anakishika kwa duara la kulabu ndogo zilizo mwisho wa mwili wake. Kichwa kinaning'inia kuelekea maji yanakokwenda. Mdomoni ana kama mafagio mawili, anayafungua na kuchuja chakula kinachopita. Akitishwa anajiachia, lakini kabla ya hapo amefunga uzi. Hatari ikipita anapanda uzi wake na kurudi. Akifika wakati wa kugeuka anajifuma kifukofuko chenye umbo la kiatu, mdomo wake ukielekea chini ya mkondo ili maji yasimng'oe. Na siku ya kutoka anapanda juu ndani ya kiputo cha hewa na kuruka.

Wapo pia wasiokaa kwenye jiwe kabisa. Nchini Kenya, bonde la Kodera huko Nyanza, miaka ya 1940 usubi walipigwa vita kwa kumwaga dawa ya DDT mitoni, na walitoweka, lakini wakati huo mabuu wa aina ile walikuwa bado hawajapatikana. Walitafutwa kwenye mawe na majani, wapi! Mwaka 1950 van Someren na McMahon wakatangaza walikowakuta: wamejishika kwenye gamba la kaa wa mtoni. Kaa akijificha chini ya jiwe, buu naye amejificha. Hapo Amani pia kuna usubi wa namna hiyo. Ile DDT haikuchagua. Iliua na wadudu wengine wasio na hatia, na leo hakuna anayetamani kuirudisha mitoni kirahisi.

Jike mzima ndiye anayeuma, mchana, na akimuuma mwenye minyoo ya ugonjwa huu kisha akamuuma mwingine, anaihamisha. Minyoo wakubwa wanakaa kwenye vinundu chini ya ngozi, wanaishi miaka 10 hadi 15, na watoto wao wanatawanyika mwilini. Kwanza ni muwasho usiolalika. Baadaye macho. Tanga, Morogoro, Ruvuma, Mbeya, watu wa kando ya mito wanaijua hadithi hii nyumbani kwao.

Kwa hiyo, tumshukuru Mungu kwa ajili ya usubi? Jibu langu: ninastaajabia kulabu na uzi wake bila aibu, na ninataka ugonjwa anaoubeba uishe. Sioni ugomvi kati ya hayo mawili. Ninachokikataa ni ile sauti ya mitaani inayosema aliyepofuka kando ya mto amelaaniwa. Yohana sura ya 9 wanafunzi waliuliza hivyohivyo kuhusu kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake, na Yesu akayakataa yote mawili.

Dawa ipo. Inaitwa ivermektini, na tangu mwaka 1987 kampuni inayoitengeneza imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya ugonjwa huu. Inaua wale watoto wa minyoo, haiwamalizi wakubwa, ndiyo sababu kingatiba inarudi mwaka hadi mwaka na ndiyo sababu watu wanachoka. "Nilimeza mwaka jana, inatosha." Haitoshi, mnyoo mkubwa bado anazaa. Wengine wanasema ni dawa ya kuzuia uzazi, na maneno hayo, kwa masikitiko, nimeyasikia yakisemwa nje ya kanisa baada ya Misa na vijana waliosoma. Si kweli.

Mgawa dawa atakuja na fimbo yenye alama, kwa sababu idadi ya vidonge inapimwa kwa urefu wako. Mtoto ambaye hajafika sentimita 90 hamezi, mjamzito hamezi, anayenyonyesha mtoto aliye chini ya wiki moja hamezi, na mgonjwa mahututi anasubiri apone. Sisi wengine tupange foleni, na bibi asiyeweza kutembea mpaka kituoni, mwambie mgawa dawa nyumba yake iko wapi.