Sayansi ya Nyumbani Si Kupika Tu

Ndugu mkulima, ukisikia binti yako amechagua Sayansi ya Nyumbani shuleni, pengine wasema moyoni: "Karo yote hii, kisha akajifunze kupika! Mama yake hawezi kumfundisha?" Kabla hujamkataza, sikia habari za Bibi Ellen Swallow Richards wa Marekani.

Alizaliwa mwaka 1842 katika jimbo la Massachusetts, nyumbani kwa mkulima. Fedha za chuo hazikuwapo. Alifundisha watoto, akasafisha nyumba za watu, akaweka akiba hata akaingia Chuo cha Vassar akiwa na miaka 25. Mwaka 1873 alipata digrii ya kemia katika Chuo cha Ufundi cha Massachusetts, mwanamke wa kwanza kuipata hapo. Kisha alifundisha wanawake wenzake kwa miaka kadhaa bila mshahara, na mwaka 1884 chuo kikamwajiri kuwa mwalimu wa kemia ya afya.

Tangu 1887 alipima maji ya jimbo zima, maelfu ya chupa za mito na visima. Aliona kwamba maji ya karibu na bahari yana chumvi, nayo hupungua kadiri uendavyo bara. Basi kisima cha bara kikiwa na chumvi kuliko maji mengine ya mahali pale, yafaa kushuku kuwa uchafu wa watu umeingia, maana mkojo una chumvi.

Mwaka 1890 alisaidia kufungua jiko mjini Boston, la kuuzia maskini chakula bora kwa bei nafuu. Wageni wengi waliohamia mji ule hawakukipenda. Walitaka vyakula vya kwao. (Hata hapa kwetu, mwambie mtu aache ugali uone!) Jiko halikufa. Mwaka 1894 lilianza kupikia wanafunzi wa shule za Boston chakula cha mchana.

Mwaka 1899 aliwakutanisha wenzake wa kazi hii huko Lake Placid. Mikutano ile ilizaa chama cha taifa mwaka 1908, naye akawa rais wake wa kwanza. Alipofariki mwaka 1911 alikuwa bado anafundisha.

Kwa hiyo binti yako asiache kemia wala hesabu. Na siku mtaalamu wa namna hii akija kwako na chupa kupima maji ya kisima, mwonyeshe na choo kilipo. Kikiwa mlimani juu ya kisima, au karibu kuliko futi 100, mwulize mahali pa kuchimba kingine.