SOMO KWA MAKATIBU: MAANA NA MATUMIZI YA “WRITE OFF” KATIKA HESABU ZA CHAMA

Katika taarifa za hesabu zilizoandikwa kwa Kiingereza, makatibu hukutana na maneno “write off”. “Write” ni kuandika. “Off” huonyesha kuondoka. Yakiunganishwa, maana yake ni kuliondoa deni katika orodha ya mali ya chama, kwa kukiri kwamba halitarajiwi kulipwa. Yasichanganywe na “write down”, yaani kuandika jambo lisisahaulike, au, katika hesabu, kupunguza thamani ya mali bila kuifuta yote.

Wakazi wa Kibaigwa wana mfano wa jirani. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa. Udongo ulikauka ukawa mgumu, mvua haikutosha, mitambo ikaharibika. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na kiasi cha pauni milioni 36 kikafutwa vitabuni. Kufuta huko hakukurudisha fedha: hasara ilibebwa na walipa kodi wa Uingereza.

Ndivyo ilivyo katika chama. Mathalani, mwanachama amekopeshwa mbegu za mahindi za shilingi 180,000, kisha akahama asijulikane aliko. Deni likifutwa, hesabu ya wadaiwa hupungua, na hesabu ya hasara huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Ziada ya chama hupungua. Kama wanachama waliobaki ni 60, ni sawa na kila mmoja wao kupoteza shilingi 3,000. Kwa hiyo Katibu hawezi kufuta deni kwa kalamu yake peke yake. Sharti ipatikane idhini kwa mujibu wa masharti ya chama, nayo iandikwe katika muhtasari wa mkutano.

Tena yafaa ieleweke kwamba kufuta vitabuni si kusamehe. Mdaiwa huyo akionekana siku moja sokoni Kibaigwa na magunia yake, adaiwe. Akilipa, apewe stakabadhi, na fedha iingizwe katika mapato ya chama. Hapa ndipo penye hatari: jina lake halimo tena katika orodha ya wadaiwa, na fedha isiyotazamiwa na mtu huingia mfukoni kwa urahisi. Dawa yake ni kutunza daftari la madeni yaliyofutwa, na kulisoma mbele ya wanachama kila mwaka.

Maswali ya kujadiliana:
1. Ni nani hubeba hasara ya deni lililofutwa?
2. Je, chama chenu kinalo daftari hilo?