Simu Mfukoni, Maabara Darasani: Vidokezo 6 kwa Walimu wa Fizikia wa Gitega na Muyinga

Kitabu kinasema maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mwanafunzi wa Gitega, Burundi, akitumbukiza kipimajoto kwenye sufuria inayotokota, anasoma 95, pengine 94. Hajakosea: mji wake uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huko ni ndogo. Darasa lenye vyombo vyake vya kupimia litaligundua hilo lenyewe, hata kama shule haina maabara.

1. Anza na simu uliyo nayo. Programu ya phyphox, iliyotolewa mwaka 2016 na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ni ya bure, ina Kifaransa, na ukishaipakua haidai intaneti. Inatumia vihisi vilivyomo ndani ya simu. Kihisi cha mchapuko kimo karibu katika kila simu janja. Cha kanieneo kimo katika chache.

2. Tafuteni mvutano wa kwenu. Ning'iniza jiwe kwa uzi wa mita 1, ukipima kutoka panapofungwa hadi katikati ya jiwe. Liache libembee kidogo tu, kisha hesabuni bembeo 10 za kwenda na kurudi: zitachukua sekunde 20 hivi. Msipime bembeo moja, maana kidole huchelewa kubonyeza saa. Burundi iko karibu na ikweta na iko juu, kwa hiyo mchapuko halisi wa mvutano, mnaoukokotoa kwa urefu wa uzi na muda huo, ni takriban 9.78 m/s², si 9.81 ya vitabuni. Tofauti hiyo ni ndogo mno: mkikosea urefu wa uzi kwa milimita 3, imeshapotea. Hapo ndipo wanafunzi wanapoelewa kwa nini tunasisitiza usahihi.

3. Pimeni kasi ya sauti uwanjani. Wekeni simu mbili umbali wa mita 5, zote kwenye saa ya phyphox inayoendeshwa na sauti. Mwanafunzi wa kwanza anapiga kofi karibu na simu yake, saa zote mbili zinaanza. Wa pili anapiga karibu na yake, zote zinasimama. Saa ya kwanza itazidi ya pili kwa sekunde 0.03 hivi. Gawanyeni mita 10, yaani 5 za kwenda na 5 za kurudi, kwa tofauti hiyo. Chagueni saa ya utulivu, mbali na pikipiki.

4. Sauti ionekane na iguswe. Muyinga kuna maktaba iliyojengwa mwaka 2012 kwa matofali ya udongo ulioshindiliwa, kazi ya wasanifu wa BC Architects wa Ubelgiji pamoja na wenyeji, kama sehemu ya shule ya watoto viziwi. Naiona kama mahali pazuri kabisa pa kufundishia mawimbi. Vuta nailoni ngumu juu ya ndoo, nyunyiza mchanga, piga ngoma kando yake: punje zitarukaruka. Weka simu karibu, mchoro wa wimbi utapanda na kushuka kwenye kioo. Mtoto asiyesikia aweke kiganja kwenye ngoma huku akitazama mchoro; anafanya fizikia ileile ya wenzake, wala si nusu yake. Mkiwa hapo, pimeni pia joto la ndani na la nje, asubuhi na adhuhuri, mwone kuta nene za udongo zinavyofanya kazi.

5. Fedha ikipatikana, tengenezeni chombo wenyewe. Bodi ya Arduino na kihisi cha joto cha DS18B20, kile kisichoingia maji, ni mwanzo mzuri, na vinaendeshwa kwa pawabenki umeme ukikatika. Mkikihakiki kwa maji yanayochemka, kumbukeni nyuzi 95. Anayelazimisha 100 anaharibu kila kipimo kinachofuata.

6. Andikeni hata msichokielewa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya Magamba nchini Tanganyika, aliona mchanganyiko wake wa aiskrimu uliokuwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Alichekwa, lakini hakuacha kuuliza; mwaka 1969 yeye na Profesa Denis Osborne walichapisha walichokipima, na wanafizikia wanabishana mpaka leo. Kwa hiyo kila daftari la vipimo liwe na safu ya mwisho ya mambo ambayo darasa halijayaelewa, na mwalimu asiifute.