Jaji Hakuwepo Ufukweni: Ninavyochagua Picha ya Kupeleka Mashindanoni

Kila msimu wa mashindano unapokaribia, simu yangu hujaa picha za wenzangu na swali lilelile: "Kaka, nipeleke ipi?" Wengi hutarajia niseme hii kali, ile achana nayo. Mimi huanza kwa kuuliza ni mashindano gani, kipengele gani, na masharti yanasemaje. Picha unayoipenda kuliko zote na picha inayofaa kwenda mashindanoni zinaweza kuwa mbili tofauti. Ya kwanza unaipenda wewe uliyekuwepo. Ya pili itatazamwa na mtu ambaye hakuwepo, hakujui, na ana maelfu ya nyingine za kutazama.

Nimekuwa nikipeleka picha kwa miaka kadhaa sasa: za mwani, za ngalawa, za vichochoro vya Unguja. Nimewahi pia kukaa pembeni nikiwasaidia majaji wa kikundi chetu kupanga picha kwenye skrini, na hapo ndipo nilipojifunza mengi kuliko kwenye kupiga. Hivi ndivyo ninavyofanya kabla ya kubonyeza "tuma".

Masharti kwanza, picha baadaye

Ukianza na picha, utaipenda, kisha utayasoma masharti ukitafuta upenyo wa kuipitisha. Kwa hiyo mimi huyasoma masharti kabla sijafungua folda yoyote.

World Press Photo, mashindano yaliyoanzia Uholanzi mwaka 1955, ni ya wapiga picha wa habari, na picha moja moja inatakiwa iwe imepigwa katika mwaka uliotangulia. Picha yako ya miaka mitatu nyuma, hata kama inaliza watu, haina mlango hapo. Wiki Loves Africa, yanayofanyika tangu 2014, yanataka picha ipakiwe Wikimedia Commons kwa leseni huria: mtu yeyote anaweza kuitumia, hata kibiashara, mradi akutaje na afuate leseni. Ni jambo jema ukitaka bara letu lionekane kupitia macho ya watu wake. Ila picha uliyokwisha kuiahidi hoteli kwamba itakuwa yao peke yao, usiipeleke huko.

Yapo pia mashindano ambayo kifungu cha haki kimewekwa chini kabisa, kikisema mwandaaji anaweza kutumia picha zote zilizotumwa, zilizoshinda na zilizoshindwa, kwenye matangazo yake bila malipo. Hayo nayapita.

Mengine ya kukagua ni mepesi: upande mrefu wa picha uwe na pikseli ngapi, faili liwe na uzito gani, rangi ziwe za sRGB au la, na kama jina lako au nembo yako haitakiwi ndani ya picha. Mara nyingi haitakiwi, kwa kuwa majaji hutazama bila kujua nani kapiga. Fahamu mapema kama picha uliyoikropu sana bado ina pikseli za kutosha, maana ya kwenye skrini ya simu haikuambii.

Acha picha ipoe

Picha ya jana siichagui leo. Jana nilitembea majini kabla jua halijachomoza, chumvi imeingia kwenye viatu, lenzi nimeifuta mara kadhaa kwa fulana. Yote hayo ninayaona nikiifungua picha, na hakuna hata moja lililomo ndani yake. Nikiiacha wiki kadhaa, taabu inasahaulika, inabaki fremu.

Ikishapoa, naitazama ikiwa ndogo, ukubwa wa stempu, pamoja na nyingine ishirini au thelathini. Katika raundi ya kwanza niliyoishuhudia, picha ilikaa kwenye skrini sekunde chache, mikono ikainuka au haikuinuka, ikaja nyingine. Hakuna aliyesogeza kiti karibu. Picha inayohitaji kukuzwa ndipo ieleweke haifiki raundi ya pili, ambako ndiko watu huanza kutazama kwa utulivu na kubishana.

Fremu mbili za mwani

Tuseme kipengele ni "Kazi", na mkononi nina fremu mbili kutoka Jambiani, Unguja, zote za bamvua, maji yamekupwa na akina mama wako shambani.

Ya kwanza: mama amebeba mzigo wa mwani kichwani, kanga nyekundu, bahari ya buluu nyuma yake, mawingu yamekaa vizuri. Mtandaoni iliwavutia wengi kuliko picha zangu nyingine zote za mwezi ule. Ni nzuri, sikatai. Lakini mtoe mama huyo, umweke mwingine, ubadilishe kanga, na hakuna kitakachopungua. Inasema "Zanzibar", haisemi lolote kuhusu kazi.

Ya pili: bibi amekaa majini hadi kiunoni, anafunga kishada cha mwani kwenye kamba. Kamba inaingia kutoka kona ya chini kushoto, inapita kati ya mikono yake, inaishia kwenye kijiti kilichosimikwa mchangani. Vidole vimekunjamana kwa maji ya chumvi. Nusu ya uso imo kivulini, chini ya mtandio. Anga haipo kabisa.

Nilichagua ya pili, lakini hapo kazi ndiyo kwanza ilianza, kwa sababu ya pili haikuwa peke yake. Ukishikilia kitufe cha kamera unapata mfululizo wa picha zinazofanana kama mapacha, na humo ndimo mtu hushinda au hushindwa. Katika moja, kidole gumba kimeziba fundo. Katika nyingine fundo linaonekana vizuri, ila nyuma ya kiwiko kuna mmeto wa jua juu ya maji unaovuta jicho kwenda pasipo na kitu. Katika ya tatu, kitanzi bado kiko wazi, hakijakazwa, na midomo ya bibi imebanwa kwa nguvu anayotaka kuitumia. Hiyo ndiyo iliyobaki. Fundo likishakazwa kazi imekwisha, na hakuna tena cha kusubiri ndani ya picha.

Kwa hiyo usijiulize tu picha ipi. Jiulize nukta ipi ya tendo. Fungua mfululizo wote, zitazame mbili mbili, moja itoke, na kila inayotoka itoke kwa sababu unayoweza kuitamka: mkono umeziba, kichwa kimeingiliana na mlingoti, jicho limefumba. "Siipendi tu" haitoshi, maana kesho utaipenda.

Ukubwa wa kitu haushindi peke yake

Sisi wa huku tuna Serengeti, Kilimanjaro, mapango, bahari. Ni rahisi kudhani simba atashinda kwa kuwa ni simba. Mashindano ya Wildlife Photographer of the Year, yanayoandaliwa na Jumba la Makumbusho ya Historia ya Viumbe la London, mwaka 2024 yalipokea picha zaidi ya 59,000, na zinazoingia maonyeshoni ni 100 tu. Hebu fikiria simba walikuwa wangapi humo. Tuzo kuu ilikwenda kwa Shane Gross wa Kanada kwa picha ya viluwiluwi wa chura wakiogelea chini ya majani ya mayungiyungi, ziwani British Columbia. Mwaka uliofuata ilikwenda kwa Wim van den Heever wa Afrika Kusini: fisi wa kahawia akipita usiku kwenye magofu ya Kolmanskop, Namibia, picha aliyoisaka kwa takriban miaka kumi.

Funzo si kwamba uache kupiga simba. Ni kwamba kitu kilichozoeleka kinahitaji jambo la ziada. Dau na machweo, mbuyu na mwezi, Mmasai kivulini ufukweni: jaji wa kutoka mbali ameshaziona, na jaji wa kwetu amezichoka. Wala usitegemee kwamba huko hawatufahamu. World Press Photo tangu mashindano ya 2022 hugawa dunia kwa kanda, Afrika ikiwa kanda mojawapo, na picha za kila kanda huanza kupita mbele ya majaji wanaoifahamu kanda hiyo.

Kingo za fremu na mpaka wa kuhariri

Picha ikishabaki moja, nazungusha jicho kwenye kingo zake nne. Kwenye ile ya bibi palikuwa na kipande cha dumu la njano upande wa kulia. Njia halali ilikuwa kukropu kidogo, nikapoteza ncha ya kamba nyingine, na dumu likatoka. Kulifuta kwa programu kungechukua muda mfupi zaidi, na kungeiua picha.

Mwaka 2010 World Press Photo iliinyang'anya tuzo picha ya Stepan Rudik, mpiga picha wa Ukraine. Alikuwa ameikropu sana na kuigeuza nyeusi na nyeupe; hayo hayakuwa tatizo. Tatizo ni kwamba alifuta kipande kidogo cha mguu wa mtu kilichoonekana nyuma ya mkono. Kipande chenyewe hakikuwa na maana yoyote kwenye picha, na ndicho kilichomponza. Mwaka 2018 lile jumba la makumbusho la London nalo liliiondoa kwenye mashindano yake picha ya Marcio Cabral kutoka Brazili baada ya wataalamu kukubaliana kwamba mnyama mla mchwa aliyemo alikuwa wa kujazwa, si wa mwituni. Mwaka 2023 Boris Eldagsen wa Ujerumani aliikataa mwenyewe tuzo ya kipengele kimoja cha Sony World Photography Awards, akieleza kwamba picha aliyopeleka ilitengenezwa kwa akili bandia. Tangu hapo waandaaji wengi wamekaza kamba.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: picha ambayo faili lake ghafi la kamera (RAW) silipati, siipeleki kwenye mashindano yanayoweza kulidai. Ukifika hatua za mwisho utaulizwa, na picha zilizopita WhatsApp hazikusaidii kitu. Mwanga na rangi narekebisha kiasi. Kuongeza au kuondoa kitu, hapana, isipokuwa pale kipengele kinaporuhusu ubunifu wa namna hiyo waziwazi.

Muulize asiyejua kamera

Wapiga picha wenzako watakuambia kuhusu lenzi. Mimi naisafisha picha studio, saizi ya postikadi, nampelekea fundi cherehani wa mtaani kwetu. Simwambii kitu. Ile ya bibi aliishika, akaigeuza kwenye mwanga, akauliza, "Huyu mama anashona nini?" Hakuna jibu bora ningeweza kupewa. Jicho lake lilikwenda mikononi moja kwa moja, akaelewa kwamba ni kazi ya ustadi, akabaki na swali. Mtu akisema "picha nzuri" na kukurudishia, ujue hakuona kitu.

Waswahili wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tazama picha ya Yasuyoshi Chiba iliyoshinda World Press Photo ya mwaka 2020: Khartoum, Juni 2019, kijana anaghani shairi gizani, mkono kifuani, uso umemulikwa kwa simu za waliomzunguka. Maelezo yanakuambia ni maandamano ya kudai utawala wa kiraia na umeme umekatika. Lakini kabla hujasoma neno, umeshajua kwamba kijana yule anasikilizwa. Maelezo yaongeze kwenye picha, yasiibebe. Andika nani, wapi, lini, anafanya nini, kisha nyamaza. Ukijikuta unaandika "picha hii inaashiria matumaini", rudi ukatafute picha nyingine.

Na aliyemo ajue. Bibi wa Jambiani nilimwomba kabla sijapiga, akanijibu, "Piga mwanangu, ila usinikanyagie kamba zangu." Kabla ya kuipeleka nilirudi kumwonyesha na kumweleza inakwenda wapi. Mashindano mengine hudai ruhusa ya maandishi, hasa kwa watoto, na kumtafuta mzazi siku ya mwisho ya kutuma ni balaa.

Kabla hujatuma

Angalia saa. Tangazo likisema saa 12:00 mchana GMT, kwetu ni saa tisa alasiri. Likisema 23:59 GMT, ni saa tisa kasoro dakika moja usiku wa kuamkia siku ya pili. Usingoje hapo; mtandao wa siku ya mwisho unaujua. Tuma siku mbili kabla, weka nakala ya faili ulilotuma, na andika mahali umeipeleka wapi, kwa kuwa baadhi ya mashindano hayapokei picha iliyowahi kushinda kwingine.

Ukibaki na mbili na moyo umegawanyika, mweleze mtu kwa nini kila moja inastahili, na ujisikilize. Ile ambayo maelezo yake yanaanza na "siku ile mimi…" ibakishe kwenye albamu, wajukuu wataifurahia. Ile inayoanza na "tazama hapa" ndiyo ya kutuma.